Mji wa Nyota Uliohama Horohoro

Mume wangu Laurenti hakuwa mtaalamu wa kitu chochote, na hilo naomba lieleweke kwanza, maana tangu yale mambo ya Horohoro watu wamemsingizia mengi. Wapo wanaosema alifundishwa nyota na Wajerumani. Wapo wanaoapa kwamba ana darubini chini ya kitanda. Chini ya kitanda chetu kulikuwa na masufuria yangu ya sikukuu na viatu vyake vya kanisani, basi. Laurenti alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha chapa cha Bwana Sadalla, pale Ngamiani mjini Tanga, mtoto wa mkata mkonge aliyetoka bara akasahau kurudi. Alizipanga herufi za risasi moja moja kwa vidole: kadi za harusi, matangazo ya mnada, na kila Ijumaa gazeti dogo lililoitwa Bandari Yetu.

Gazeti lenyewe lilikuwa na kurasa nne, na pembe ya chini ya ukurasa wa mwisho ilikuwa ya tangazo la sabuni. Juma moja mwenye sabuni alichelewa. Bwana Sadalla akamwambia Laurenti aijaze pembe ile kwa chochote kisicholeta kesi. Laurenti alikuwa na karatasi ya karanga mfukoni, akaitoa, akaisoma, akaanza kupanga herufi.

Hizo karatasi za karanga zina kisa chake. Wapishi wa nyumba za Wazungu kule Raskazone walikuwa wakikusanya magazeti yaliyosomwa na mabwana zao, wakimpelekea Mwatumu, aliyeuza karanga kwenye kona ya kiwanda, naye akiyakunja vifungu vya kutilia karanga. Mabwana wale walipenda kusoma habari za utafiti, kwa hiyo karanga za Mwatumu zilikuwa zimefungwa ndani ya elimu ya dunia nzima, ikiwa imechelewa miezi kadhaa na kupata mafuta kidogo. Laurenti alikula karanga ili asome. Alisimama pale akichagua vifungu kwa maandishi, si kwa ujazo, mpaka Mwatumu akamwambia hapo panauzwa karanga, kama anataka maktaba aende akaijenge.

Tatizo lilikuwa kwamba habari hukatika. Alisoma mara moja kwamba wataalamu wamegundua namna nyuki wanavyoelekezana kwenye maua, kwamba hurudi mzingani wakawachezea wenzao ngoma, na kwa ngoma hiyo wenzao hujua waende upande gani na umbali gani. Hapo karatasi ikaisha. Nusu ya pili ilikuwa imeondoka na mteja mwingine. Laurenti alimfuata yule mtu mpaka sokoni, akamkuta ameshaiwashia jiko. Tulikula karanga asubuhi na jioni kumtafuta nyuki yule, hatukumpata. Basi akaandika alichokuwa nacho, na mwisho akaongeza kwamba ni ngoma gani hasa, bado haijajulikana. Mji mzima haukufanya kazi. Wabondei walisema hiyo bila shaka ni mdumange, Wadigo wakasema ni sengenya, mdumange nyuki hawezi. Bwana Sadalla alipoona gazeti limekwisha kabla ya adhuhuri, alimwambia mwenye sabuni asubiri.

Ndivyo pembe ile ilivyokuwa ya Laurenti. Aliipa jina Wataalamu Wasema, na sijapata kumwona mtu akiipenda kazi isiyomwongezea chochote kama yeye alivyoipenda ile. Jioni alikuja jikoni kunisomea. Nikimwambia sijaelewa, hakubishana. Alirudi akaivunja habari yote, akaijenga upya. Kichwa changu kilikuwa chujio la tui. Kisichopita kwangu hakikuchapwa.

Mwaka wa hamsini na moja karanga zikamletea nyota. Alinisomea kwamba jua letu ni nyota moja katika mkusanyiko wa nyota nyingi mno, naye mkusanyiko huo akauita mji wa nyota. Tena kwamba uko mji mwingine kama huo, peke yake, mbali, nao ndio kile kiwingu cheupe tunachokiona upande wa kaskazini miezi ya mwisho wa mwaka baada ya isha. Nuru yake husafiri miaka malaki kabla ya kutufikia. Nikamwambia sijaelewa. Akashika mkaa, akaanza kupiga hesabu kwenye ukuta wa jiko langu niliokuwa nimeupaka chokaa kwa Pasaka, na nilipokuwa natafuta mwiko wa kumpigia akageuka, uso unamng'aa.

"Mama Beatrisi, chukua Tanga yote, kutoka Raskazone mpaka kwenye mashamba ya mkonge. Huo ndio mji wetu wa nyota. Jua letu ni punje ya mchanga katika kichochoro kimoja. Ule mji wa pili uko Horohoro, kule mpakani mwa Kenya."

Hapo nikaelewa. Gazeti lilipotoka, kila mtu alielewa. Walioelewa kupita wote ni watu wa Horohoro.

Juma la pili tu waliteremka kwenye basi mbele ya kiwanda, wazee wa Kidigo wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, mbele yao Jumbe Safari na nyuma mwanamke mmoja mrefu, Bi Mastura, mwenye mgahawa pale mpakani. Walikuwa wamefunga tambuu, kama watu wanaokuja kwa shauri la posa. Walimwuliza Laurenti kwa adabu kubwa hao watu wa nyota ni akina nani, ni wapole au wagomvi, na wana haja gani na Horohoro. Laurenti aliwaeleza, huku jasho linamtoka, kwamba ule ulikuwa mfano tu. Jumbe akatabasamu. Akasema wanajua sana kuwa ni mfano. Posa gani isiyoanza kwa mfano? Mshenga hufika akasema tumeona ua katika bustani yenu, na hakuna mzazi aliyewahi kutoka nje kutafuta maua.

Nyinyi mnaotusoma kutoka mbali, jueni kwamba pwani hii jambo zito haliji kwa miguu yake. Huletwa na mshenga, na aliyelileta ndiye anayelijibia, leo na kesho, likiwa zuri na likiharibika. Kwa watu wa Horohoro mume wangu alikuwa mshenga wa nyota. Alibisha, lakini kadiri alivyobisha ndivyo walivyomwona mnyenyekevu, na mshenga mnyenyekevu ndiye mzuri. Wakamwambia posa imekubaliwa.

Basi alikwenda Horohoro, afanyeje. Alikalishwa kwenye mkeka mpya, akalishwa wali wa nazi, na kando ya barabara likasimamishwa jiwe lililopakwa chokaa kuonyesha mahali hasa mji wa nyota ulipo. Bi Mastura aliubadilisha mgahawa jina, ukawa Hoteli ya Mji wa Nyota. Mabasi ya Mombasa yakawa yanasimama ili abiria walione jiwe. Wako waliouliza, kama mji wa nyota uko hapa, mbona kile kiwingu ukisimama hapa bado kinaonekana kaskazini? Jumbe aliwajibu kwamba bibi harusi naye huonekana kwao mpaka siku anapohamia. Gazeti likasomwa Horohoro kuliko Tanga, likisomwa kwa sauti kwenye mgahawa, ukurasa wa nne kwanza.

Nilikuwa nacheka sana siku zile. Nilicheka mpaka mwaka wa hamsini na tatu, Laurenti aliporudi nyumbani na kifungu cha karanga hajakila.

Alikaa kwenye kibao. Halafu akanisomea. Mtaalamu mmoja wa Amerika alikuwa amesimama katika mkutano wa wataalamu wenzake wa dunia nzima akawaambia kwamba umbali wa ile miji ya nyota ya nje waliupima vibaya. Iko mbali mara mbili. Mbingu yote, kwa ufupi, ilikuwa kubwa mara mbili ya ilivyoandikwa.

Mimi nilimwuliza sasa inatuhusu nini. Akanyoosha kidole kwenye ukuta wangu. Tanga hadi Horohoro, halafu tena umbali uleule. Mji wa nyota ulikuwa umevuka mpaka. Ulikuwa Kenya, huko njiani kuelekea Ukunda.

Bwana Sadalla si mtu mbaya, na nitamtetea nikiulizwa. Alisikiliza habari yote, akapangusa miwani yake, akasema hakuna mtu Tanga nzima atakayekwenda kupima. Wataalamu wakae na mbingu yao na Horohoro wakae na jiwe lao, nani ameumia? Lakini wale watu wakinyang'anywa nyota wataona wamefanyiwa dharau, nao ndio wanaolibeba gazeti. Kama Laurenti anataka kuchapa, achape, ila itakuwa mara yake ya mwisho, na pembe itarudi kwa sabuni.

Laurenti hakula vizuri siku zile. Nilimwonea huruma na hasira kwa pamoja, maana alikuwa akizunguka jikoni kama kuku anayetaka kutaga, akiniuliza mambo ambayo alishajua majibu yake. Akinyamaza, pembe ni yake, na kila Ijumaa atakuwa anawaambia watu wataalamu wasema huku akijua yeye amekalia walichosema. Akichapa, hana pembe tena, na jina lake ni la mwongo katika barabara yote ya Mombasa. Mwisho nilimwambia, Baba Beatrisi, panga herufi zako.

Akazipanga. Lakini hakutaka Horohoro waipate kwa gazeti. Posa ikivunjika, mshenga huja mwenyewe, hatumi karatasi. Ijumaa ile tukapanda basi lilelile lililobeba mafurushi ya gazeti, na Laurenti akayakalia. Utingo alipotaka kushusha moja njiani, mume wangu, mtu wa kukomunika kila Jumapili, alimwambia ana jipu na hawezi kukaa pagumu. Alikalia mbingu yake hiyo mpaka mpakani.

Tulipofika, watu walishangilia. Walidhani ameleta mji wa tatu. Mkeka ulitandikwa mbele ya mgahawa, watu wakakaa, Jumbe akamwonyesha Laurenti mahali pake katikati. Laurenti akatoa shikamoo, akavua viatu, halafu hakukanyaga mkeka. Akachuchumaa pembeni, kwenye mchanga. Kelele zikakoma polepole, kwa kuwa wote walijua mshenga asiyekanyaga mkeka ameleta habari ya posa kuvunjika.

Jumbe Safari akamwuliza kwa sauti ya chini ni nini kosa la kijiji.

"Kijiji hakina kosa, jumbe. Mji wa nyota uko mbali mara mbili ya walivyodhani wataalamu, na mbingu yote vilevile; uko Kenya, njia ya Ukunda. Haukuwa hapa hata siku moja."

Wazee hawakulikubali hilo. Kitu kilichokuwapo miaka miwili hakiwezi kuwa hakikuwapo. Kilichotokea, kwa maoni yao, ni kwamba kimeondoka, na kama kimeondoka kwenda Kenya basi kimepita kwenye kizuizi. Tangu matata yaanze upande wa pili palikuwa na kizuizi pale na askari, kijana wa milimani, Mlutheri, jina lake Manase, ambaye hakuwa akiruhusu hata mbuzi apite bila kumtazama usoni. Wakamwita. Alifika amefunga vifungo vyote, akasimama wima, akahojiwa mbele za watu. Akasema katika zamu yake wamepita wenye baiskeli, wenye nazi, bibi harusi mmoja na msafara wake. Nyota hakuna. Kama zimepita, zimepita katika zamu ya mwenzake, naye mwenzake ana tabia ya kusinzia.

Palizuka ubishi juu ya mwenzake. Sauti nyingine ikauliza kama mbingu ni mara mbili, ile nusu ya pili Laurenti alikuwa ameificha wapi miaka yote hii. Mwingine akadai aliwapa Wasegeju, majirani zao. Nilitaka kusimama niwaambie maneno yangu, lakini mshenga ndiye mwenye kusema, na mume wangu alikuwa bado amechuchumaa mchangani, macho yamemjaa maji. Nilikuwa na uchungu naye kiasi kwamba nilisahau kuwa jambo lenyewe halina kichwa wala miguu.

Magharibi ilikuwa imeingia, na Bi Mastura alikuwa amewasha karabai yake, ile taa kali ya pampu, akaitundika mlangoni. Laurenti akaitazama. Akamwomba pia koroboi, kitaa kidogo cha utambi. Akamwomba Manase, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na amri ya kwenda popote, aichukue karabai na kutembea nayo barabarani, aende mpaka ifanane na koroboi iliyowekwa mbele yetu, karibu na shimo la taka. Manase akatembea. Alitembea sana, tukaiona taa inapungua mpaka ikawa kijicho kidogo.

Laurenti akauliza, mtu asiyejua kuwa ile ni karabai, akidhani ni koroboi kama hii, atasema iko wapi? Watu wakasema atasema iko pale karibu na shimo la taka. Na iko wapi kweli? Iko kule kwenye mbuyu wa pili, hata sauti ya Manase haisikiki. Basi, akasema, ndivyo walivyokosea. Walipima kwa nyota fulani zinazong'aa na kufifia kwa zamu, wakadhani zote ni za aina moja. Kumbe ziko aina mbili, na walizozidhani koroboi zilikuwa karabai.

Wazee waliitazama koroboi, wakautazama mbuyu. Mmoja alicheka, kisha akajizuia. Bi Mastura ndiye aliyesogea mbele.

"Nani aliyewashika hao wataalamu na kosa lao?"

"Hakuna aliyewashika, Bi Mastura. Wamejitaja wenyewe."

"Hakuna aliyewashitaki?"

"Hakuna."

Akageuka akawatazama wenzake. Pale Horohoro palikuwa na mnazi mmoja kwenye mpaka wa viwanja viwili, uliogombewa tangu wakati wa Wajerumani, na katika muda wote huo, kati ya watu wazima walioapa na kulia na kupigana kwa makuti, hakuna hata mmoja aliyepata kusema nilikosea. Na hapa palikuwa na mtu msomi, hakuulizwa na yeyote, akasimama mbele ya wenzake akasema amekosea nusu ya mbingu. Niliona Jumbe Safari anatazama chini. Mmoja wa waliougombea mnazi ule alikuwa yeye.

Jumbe akauliza kama watakosea tena. Laurenti angeweza kusema hapana. Nilimwomba Mungu aseme hapana, tukapate kulala.

"Watakosea tena, jumbe. Hata hii mara mbili huenda wakairudia. Nami nilikuwa nadhani kazi yangu ni kuwaletea ukweli. Kumbe nawaletea mahali walipofikia tu. Nisameheni, sikuwaambia hivyo tangu mwanzo."

Manase alikuwa bado kule kwenye mbuyu wa pili ameinua karabai, maana hakuna aliyekumbuka kumwita, na mgahawa ulikuwa giza. Mwisho Jumbe akasema chombo kilichopokewa kwa heshima hakiondolewi kama mwizi. Kama mji wa nyota ni wa watu wa mbele, utasindikizwa.

Kesho yake asubuhi walilitoa jiwe, wakalipaka chokaa upya, wakalifunika kanga mbili za Bi Mastura. Wanawake waliliimbia kama wanavyomwimbia mwari anayekwenda kwa mumewe, na wengine walilia sawasawa, si kwa adabu tu. Pale kizuizini Manase alitaka kibali. Hakuna aliyekuwa nacho. Alikwenda kukitazama kitabu chake cha sheria, akarudi akasema mawe hayakukatazwa, lakini akamwuliza Jumbe kama jiwe lile linarudi au linahama. Jumbe akamwambia hilo waulizwe wataalamu. Manase akaandika linahama kwa muda. Watu wa upande wa pili walikuwa wameshapata habari, walilipokea kwa vigelegele, nao wakaahidi kulipeleka mbele, kijiji kwa kijiji. Hatukujua kama lilifika Ukunda.

Juma lililofuata Bwana Sadalla alitimiza neno lake. Laurenti mwenyewe ndiye aliyepanga herufi za lile tangazo la sabuni, ile sabuni inayong'arisha bila kusugua, na alipomaliza alikuja nyumbani akakaa kwenye kibao. Aliniuliza kama niliwaona watu wa Horohoro walivyotuaga. Nikasema niliwaona. Akasema walituaga vizuri mno, ndivyo mtu anavyomuaga asiyetaka kumwona tena. Nami niliwaza hivyohivyo. Jumamosi hakupita kwa Mwatumu.

Jumapili tulipotoka kanisani tulikuta mkeka umetandikwa mbele ya nyumba yetu. Walikuwa wamekaa juu yake Jumbe Safari, Bi Mastura, wazee wenye kanzu zilizopigwa pasi, na Manase ambaye ilikuwa siku yake ya mapumziko na bado amefunga vifungo vyote. Majirani walikuwa wamejaa madirishani. Laurenti akasimama njiani na kitabu chake cha sala mkononi.

Jumbe alisogea upande, akaacha nafasi katikati ya mkeka.

"Ijumaa hii gazeti limetuletea sabuni," akasema. "Tumekuja wenyewe, mshenga. Tuambie wamefikia wapi."